Binti wa Mfalme Hufanya Kazi Gani?

SOMO KWA WAZAZI NA WAKATEKUMENI

I. Mchezo wa watoto wa kike

Tazameni watoto wa kike wakicheza nyuma ya nyumba wakati wa jioni. Mmoja hujifunga kitambaa cha mama yake, kikaburuta mavumbini. Mwingine husuka taji la majani, akajivika kichwani. Kisha huketi juu ya kinu kilichopinduliwa, wenzake wakamwinamia, naye akawaamuru: «Nileteeni maji!» Basi, amekuwa binti wa mfalme.

Mchezo huo si mbaya. Mtoto aliye mdogo nyumbani, anayetumwa huku na huku tangu asubuhi, hupenda kuwa mkubwa kwa muda kidogo. Ataka kutazamwa na kuheshimiwa. Nani asiyetaka hayo?

Lakini siku hizi mchezo huo una picha zake. Katika masoko ya miji ya Kongo huuzwa mifuko ya shule na nguo za watoto zenye sura za mabinti wa wafalme, wenye nywele ndefu na mavazi ya kung'aa. Mtoto huiona picha, huipenda, hulia anunuliwe. Wazazi nao hawajui wamjibu nini. Yafaa basi wajue picha hizo zimetoka wapi.

II. Picha hizo zimetoka wapi?

Mwaka 1697 Mfaransa mmoja, jina lake Charles Perrault, alichapisha kitabu kidogo cha hadithi. Moja ni ya msichana aliyeteswa na mama wa kambo, akaketi karibu na majivu ya jiko, na mwishowe akaolewa na mwana wa mfalme. Hadithi hiyo ikaenea Ulaya yote. Baadaye, katika Marekani, Walt Disney aligeuza hadithi za namna hiyo kuwa sinema: ile ya Snow White mwaka 1937, na ile ya Cinderella, yule msichana wa majivu, mwaka 1950. Tena, tangu mwaka 2000, kampuni yake iliwakusanya mabinti hao wote chini ya jina moja, ikauza nguo, vikombe, midoli na mifuko yenye sura zao. Hivyo hadithi ikawa mali ya kuuzwa. Mwenye kuuza haulizi mtoto huyu atakuwa mtu wa namna gani. Huuliza tu mzazi ana fedha ngapi.

III. Wazazi hujibu namna gani?

Wazazi wa kwanza hukataza kwa ukali. Huchana picha, hutupa taji la majani, husema: «Upuzi!» Mtoto hunyamaza, lakini hamu yake haikufa. Huenda kucheza kwa jirani, wala hasimulii tena nyumbani yaliyo moyoni mwake.

Wazazi wa pili hukubali kila kitu. Hununua leo, hununua kesho, na kila siku humwambia mtoto: «U mzuri kama binti wa mfalme!» Hawamwambii kamwe: «Umefanya vema,» wala: «Umefikiri vizuri.» Mwaka 2011 mwandishi wa Marekani, Peggy Orenstein, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Aliogopa kwamba msichana akifundishwa daima kuangalia sura yake, atadhani sura ndiyo thamani yake yote.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2016 Sarah Coyne, mwalimu wa chuo kikuu katika Marekani, pamoja na wenzake, walieleza habari za watoto 198. Waliona kwamba waliozama sana katika mambo ya mabinti hao walizidi baada ya mwaka mmoja kushika desturi zinazosemwa kuwa za wasichana tu. Lakini mwaka 2021 walitoa habari nyingine: baada ya miaka mitano, watoto waliopenda mabinti hao tangu udogo walikuwa na mawazo mema zaidi juu ya usawa wa wanawake na wanaume. Kwa hiyo tusiseme kwa haraka kwamba mchezo wenyewe ni sumu.

Wako wazazi wa tatu. Hawa huketi karibu na mtoto na kumwuliza: «Mwanangu, huyu binti wa mfalme hufanya kazi gani?» Swali hilo ni dogo, lakini lafungua mlango mkubwa.

IV. Hatari iko wapi?

Katika vijiji vingi msichana huambiwa kwamba siku yake ya utukufu ni siku ya arusi. Siku hiyo atavikwa vizuri, mali itatolewa, watu watamtazama. Hadithi ya msichana wa majivu yamwambia maneno yaleyale: uwe mzuri, ngoja, mwanamume atakuja kukutoa jikoni. Nayo ndiyo hatari. Si vazi, si taji. Ni kule kungoja. Fedha za shule zikipungua, mara nyingi daftari la msichana ndilo lifungwalo kwanza, kwa sababu wazazi nao wameamini kwamba kazi yake ni kungoja.

V. Mabinti wawili wa kweli

Elizabeti wa Hungaria alizaliwa mwaka 1207, binti wa mfalme Andrea wa pili. Angali mtoto wa miaka minne alipelekwa Ujerumani, katika ngome ya Wartburg, naye akaolewa na mtawala Ludwig mwaka 1221. Wasimulia kwamba alipoingia kanisani aliivua taji yake mbele ya msalaba. Wakati wa njaa ya mwaka 1226, mume wake akiwa safarini, alifungua ghala akawagawia maskini nafaka. Mwaka 1227 Ludwig alikufa, na Elizabeti akaiacha ngome. Kwa mali aliyopata alijenga hospitali mjini Marburg, akawaosha wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Alikufa mwaka 1231, mwenye miaka 24.

Elizabeti wa pili yu karibu nasi. Ni Elizabeth Bagaaya, aliyezaliwa mwaka 1936, binti wa mfalme Rukidi wa tatu wa Toro katika Uganda, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori. Alisoma Gayaza, kisha Uingereza, hata chuo kikuu cha Cambridge. Mwaka 1965 alikubaliwa kuwa wakili huko Uingereza, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1967 serikali ya Uganda ilizifuta falme zote. Ufalme wa baba yake ukafutwa, lakini elimu yake haikufutwa. Mwaka 1974 alikuwa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1986 balozi wa nchi yake katika Marekani.

Angalieni: wote wawili waliondokewa na utukufu wa ufalme. Kilichobaki ni kile walichojua kufanya.

VI. Yawapasa wazazi

Msivunje taji la majani. Mwacheni mtoto acheze, kisha mwulizeni juu ya kazi ya binti wa mfalme. Je, watu wake wana maji? Nani awatunza wagonjwa? Nani asoma barua zake? Mtoto atajibu, nanyi mtashangaa. Mwaka wa shule ukifika, mfanyeni kama Rukidi alivyomfanya binti yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

MAULIZO

1. Kwa nini mtoto wa kike hupenda kuwa binti wa mfalme?
— Kwa sababu ataka kutazamwa na kuheshimiwa.

2. Je, mchezo huo ni dhambi?
— Hapana. Kosa ni kumfundisha mtoto kwamba thamani yake ni sura yake, na kwamba kazi yake ni kungoja.

3. Elizabeti wa Hungaria alitumiaje mali yake?
— Aliwalisha wenye njaa, akajenga hospitali.

4. Ni nini kilichobaki kwa Elizabeth wa Toro ufalme ulipofutwa?
— Elimu yake.

5. Mzazi mwenye hekima amwuliza mtoto neno gani?
— «Binti wa mfalme hufanya kazi gani?»