Homa ya Papasi: Homa Inayoondoka na Kurudi

Mama mmoja wa huku upande wa Kidete alifika kwetu akiwa na mimba ya miezi saba na homa ya siku tatu. Tulimpima malaria kwa kile kipimo cha haraka, hakuonekana nayo. Tukampa vidonge vya kutuliza homa, akarudi nyumbani. Kesho yake alitokwa na jasho jingi na homa ikakatika. Siku hiyo hiyo mama mkwe wake alikuwa amemletea mizizi ya kuchemsha kutoka kwa mganga, basi mizizi ikapata sifa. Baada ya siku nane homa ilirudi. Akachanjwa chale, akaongezewa mizizi, na siku ya tatu homa ikakatika tena. Ilipokuja mara ya tatu, uchungu ulianza kabla ya wakati na mtoto alizaliwa amekufa. Hapo ndipo tulipotoa damu yake, tukaiweka kwenye kioo na kuitazama kwa darubini. Tuliona vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama springi. Ilikuwa homa ya papasi. Tunalieleza hili wazi kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa letu sisi wauguzi, si la mama mkwe.

Papasi ni jamaa ya kupe, lakini tabia zake ni tofauti. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania mwilini siku kadhaa, naye utamwona. Papasi hukaa katika nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi mafichoni, na wewe huamki. Rangi yake ni ya udongo, ngozi yake ina mikunjo, hata ukimwona mchana utadhani ni kijiwe. Anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa siku nyingi si salama kwa sababu tu haikulala mtu.

Ugonjwa huu si mgeni katika nchi yetu. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwakuta papasi katika vibanda vya njiani walimolala wapagazi wa misafara, akaona vijidudu vya homa hata ndani ya mayai ya papasi. Maana yake papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa. Njia mojawapo ya misafara hiyo ilipita katika bonde letu la Mkondoa, kabla ya reli.

Sasa tuje kwenye udanganyifu wa homa hii. Mwili wenyewe hupigana na vijidudu, ukavishinda kwa muda, na homa hukatika baada ya siku tatu au nne. Lakini vichache hubaki vimejificha, hujibadilisha sura ili mwili usivitambue, na baada ya wiki moja hivi homa huanza upya. Inaweza kurudi hivyo mara nyingi. Je, unaona tatizo? Dawa yoyote utakayokunywa siku ya tatu itaonekana imeponya, iwe mwarobaini, chale, au hata nusu dozi ya vidonge vya dukani. Hatuwadharau waganga, na hatusemi kuwa wanadanganya kwa makusudi. Wao pia wameiona homa ikikatika kwa macho yao.

Wala kuhangaika huku si ushamba wetu. Ulaya na Marekani kuna ugonjwa ulio ndugu wa huu, uitwao Lyme, kwa jina la mji wa jimbo la Connecticut ambako katika miaka ya 1970 watoto walionekana wakivimba magoti. Huenezwa na kupe wa porini. Willy Burgdorfer, aliyetangaza kijidudu chake mwaka 1982, alikuwa Mswisi, na masomo yake ya udaktari wa sayansi huko Basel yalikuwa juu ya papasi wa Afrika. Mwalimu wake alikuwa Profesa Rudolf Geigy, yule yule aliyefungua maabara ya Ifakara mwaka 1957. Huko nako wagonjwa waliobaki na uchovu na maumivu baada ya matibabu hutumia fedha nyingi kwa tiba zisizothibitishwa.

Homa ya papasi ina dawa, na si ya gharama kubwa. Mtu mzima hupewa tetrasaiklini au doksisaiklini. Mama mjamzito na mtoto mdogo hupewa nyingine, kama penisilini au erithromaisini. Jambo moja huwatisha watu: saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka sana, na homa ikapanda kuliko mwanzo. Wengine hapo humchukua mgonjwa wao na kuondoka naye, wakisema sindano imemchukia. Ni vijidudu vinavyokufa kwa wingi. Mwacheni alale wodini usiku huo tumwangalie, maana mapigo ya damu yanaweza kushuka.

Tunawaomba pia mje siku ya homa, siyo siku ya nafuu. Homa ikiwa kali vijidudu huonekana kwenye damu. Ikikatika, ni vigumu kuviona. Kama kipimo cha haraka kimesema hakuna malaria, uliza kwa upole: je, damu yangu inaweza kutazamwa kwa darubini? Mweleze muuguzi kama homa imewahi kuondoka na kurudi, na kama unalala nyumba ya udongo. Mama mjamzito asingoje hata siku moja.

Nyumbani, zibeni nyufa na kusiriba kuta mara kwa mara, na mwenye uwezo aweke saruji sakafuni. Kitanda kikae mbali na ukuta, chandarua kichomekwe chini ya godoro. Papasi asipasuliwe kwa kucha, kwa kuwa majimaji yake nayo huambukiza. Na mgeni asitandikiwe mkeka chini. Wenyeji waliozoea kuumwa na papasi wa kwao huugua kwa nafuu zaidi, lakini mgeni huanguka vibaya, na mara nyingi homa humkuta akiwa amekwisha rudi kwao, mahali ambapo hakuna atakayefikiria papasi.