SOMO: MKATE KWANZA, MASHAURI BAADAYE

Soma: 1 Wafalme 19:1–21



Eliya alikuwa nabii shujaa, lakini siku moja alikaa chini ya mretemu jangwani akaomba afe. Tutazame jinsi Mungu alivyomtunza. Hakumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Baadaye, huko Horebu, Mungu akamwuliza habari zake na kumsikiliza. Akamjulisha kuwa waaminifu 7,000 wamesalia, akampa kazi, na mwenzi, yaani Elisha.

Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tulichelewa kujifunza utaratibu huo. Mwanachuo mmoja aliacha kuhudhuria masomo. Tukamwita mvivu, tukamwandikia barua ya onyo. Barua ya pili ilipopelekwa bwenini, kitanda kilikuwa kitupu. Baadaye tulipata habari kwamba alikuwa amefiwa na baba yake. Wenzake wa chumba walijua halali usiku. Mpishi aliona haji kula. Sisi tuliona pengo katika daftari la mahudhurio. Kila mmoja alikuwa na kipande cha habari, wala hakuna aliyemwambia mwenzake. Kijana yule hakurudi tena kusoma.

Ndiyo maana msaada wa chuoni ni kazi ya kundi. Rafiki wa chumba huona kwanza. Mlezi wa bweni humwita faraghani, bila kumtisha. Mshauri wa wanafunzi hutafuta chanzo: huenda ni fedha za mkopo zilizochelewa, ambazo wenyewe huziita "bumu", mtihani wa kurudia, msiba, mapenzi au ujauzito. Yeye huzungumza na walimu, ili ugonjwa usihesabiwe utoro. Muuguzi humpeleka kwa daktari. Hapa Unguja tunayo hospitali ya Kidongo Chekundu; kwenda huko si aibu, kama vile kutibiwa malaria si aibu. Padre au sheikh humsikiliza na kumwombea, wala hamwambii aache dawa.

Siri ya mwanachuo hutunzwa. Lakini akisema anataka kufa, mtu mmoja asibaki na siri hiyo. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo moyoni. Usimwache peke yake. Ondoa dawa na sumu karibu naye, mwite mtu wa pili, mfikisheni hospitali.

Tusiseme kusikiliza ni kazi ya wataalamu tu. Mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza kazi na bibi 14 wa Mbare, mjini Harare. Walifundishwa kukaa benchini na kuwasikiliza wenye huzuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosaidiwa kwa njia hiyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Mtaa wetu wa Darajani ulipata jina kwa daraja lililounganisha mji na Ng'ambo. Nasi tuwe daraja kwa vijana wa Tunguu na Beit el Ras, wengine wakiwa mbali na wazazi wao. Tukikutana nao baada ya Misa, tusianze kuuliza matokeo ya mtihani. Tuulize wamekula nini, tuwakaribishe chakula, kisha tunyamaze tuwasikilize.

Maswali ya kujadili

1. Mungu alimfanyia Eliya mambo gani kabla ya kumwuliza neno?
2. Je, yuko mwanachuo unayemjua aliyebadilika siku hizi? Ni nani mwingine anayemwona, na mmezungumza?
3. Nyumba zipi za mtaa wetu zitawakaribisha vijana Jumapili ijayo?

Tuombe

Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako alipochoka na uhai, utufungue macho tuwaone vijana wetu mapema. Utupe mkate wa kuwapa na masikio ya kuwasikiliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.