Nyayo Bapa: Chagua Raba Inayokufaa Kukimbilia

Unyayo bapa ni upi?
Ni unyayo usio na uvungu upande wa ndani. Ukisimama, karibu wote unagusa chini. Watoto wadogo wengi wako hivyo, na uvungu hujitokeza kadiri wanavyokua. Watu wazima wengi wenye nyayo bapa hawaumwi, wala hawahitaji matibabu.

Jipime nyumbani
Lowesha unyayo, kanyaga sakafu kavu ya saruji, kisha tazama alama. Ikiwa imejaa bila mkato upande wa ndani, unyayo wako ni bapa. Kila mguu hulalia ndani kidogo unapokanyaga ili kupunguza kishindo. Mguu wenye unyayo bapa mara nyingi hulalia ndani zaidi.

Dukani au sokoni
- Nenda jioni, miguu ikiwa imetanuka, na soksi zako za mazoezi.
- Vaa raba zote mbili, usimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.
- Minya sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: iwe imara.
- Kunja raba: ipinde penye vidole, isipinde katikati.
- Raba za mtumba ziweke mezani, uzitazame kwa nyuma. Zikiegemea upande mmoja, ziache. Zimekwisha kufuata mguu wa aliyezivaa kwanza.
- Kimbia hatua chache. Raba ikibana au kuchoma, usiinunue kwa kutumaini kwamba itazoea mguu.

Je, ni lazima raba maalumu?
Hapana. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2014 ulifuatilia kwa mwaka mmoja watu 927 walioanza kukimbia wakivaa raba za kawaida. Haukuona kwamba miguu inayolalia ndani kwa kiasi huumia zaidi. Raba zenye soli ngumu upande wa ndani huwapa baadhi ya watu nafuu; ukiumwa, zijaribu. La kwanza ni starehe ya mguu, na kuongeza umbali pole pole.

Nenda kituo cha afya iwapo:
- unyayo mmoja umeanza kuwa bapa ukubwani;
- kifundo cha mguu kinauma au kimevimba upande wa ndani;
- huwezi kusimama kwa ncha ya mguu mmoja;
- mtoto analalamika maumivu, au unyayo wake ni mkakamavu;
- una kisukari na miguu ina ganzi au kidonda.

Usiache mazoezi kwa sababu ya umbo la unyayo. Chagua raba kwa makini, na maumivu yasiyoisha yapeleke kwa mtaalamu mapema.