KAZI YA MIKONO: JINSI YA KUJENGA BOHARI LA RELI KWA KADIBODI

Watoto wa sehemu za Theta, Ruiru na Thika hawahitaji kufundishwa kuunda gari la waya. Tangu zamani huliunda kwa mikono yao wenyewe, wakalitia magurudumu ya vizibo na usukani mrefu, wakaliendesha njia nzima mpaka dukani. Wengine huunda na gari moshi la makopo, behewa moja nyuma ya jingine. Lakini gari moshi hilo halina mahali pa kusimama. Halina stesheni, wala bohari la mizigo, wala tangi la maji. Somo letu la juma hili lahusu majengo hayo: jinsi ya kuyajenga kwa kadibodi, gundi na wembe, nayo yafanane na yale makubwa.

Huenda msomaji akauliza, je, huu si mchezo tu? Ni mchezo, naam, na wazee wengi wa Ulaya na Marekani hawajauacha. Lakini sikilizeni kwanza habari za Bwana Roye England. Mtu huyu alitoka Australia akahamia Uingereza mwaka 1925. Huko aliona nyumba za kale za wakulima, zilizoezekwa kwa majani, zikigeuzwa au kubomolewa moja baada ya moja. Hakuwa na uwezo wa kuzuia jambo hilo. Akaanza basi kuzijenga upya kwa kadibodi, ndogo mara 76 kuliko zile za kweli, pamoja na njia ya reli iliyopita karibu nazo. Mwaka 1954 alianzisha jumba la makumbusho la Pendon katika kijiji cha Long Wittenham, na mpaka leo watu huenda kutazama huko bonde zima lilivyokuwa kabla hajazaliwa baba yao.

Sasa tutazame kwetu. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwa Victoria mwaka 1901. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913, na baadaye likaendelezwa mpaka Nanyuki. Kahawa, katani na mananasi ya nchi hii yalisafirishwa kwa njia hiyo. Kandokando yake yakajengwa mabohari ya mabati na ya mawe, nyumba za wafanyakazi zilizoitwa landi, na matangi ya maji yaliyoinuliwa juu ya miguu ya chuma ili injini za mvuke zipate kunywa. Mengi ya majengo hayo yamekwisha kwenda. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa, ikafunguliwa rasmi mwaka 2012, na magorofa yakaota pande zote mbili kama uyoga baada ya mvua. Siwalaumu wenye magorofa, maana watu lazima wapate pa kulala. Lakini ghala la zamani likivunjwa siku ya Jumatatu, ifikapo Ijumaa hakuna awezaye kusema lilikuwa na milango mingapi. Kijana aliyelipima na kulijenga kwa kadibodi aweza kusema.

Jambo la kwanza ni kipimo, nalo ndilo linalowashinda wengi. Kila kitu katika mfano wako yapasa kipunguzwe kwa kadiri moja: ukuta, mlango, tofali, hata mtu. Kwa anayeanza nashauri 1 kwa 50. Hesabu yake ni nyepesi, kwa kuwa kila mita moja ya jengo la kweli huwa sentimita 2 za kadibodi. Tena reli zetu za zamani zina nafasi ya mita moja kati ya reli na reli, kwa hiyo katika mfano wako nafasi hiyo itakuwa sentimita 2 kamili.

Wale wanaopata reli za kuchezea za dukani na waangalie vizuri. Reli nyingi za namna hiyo zina nafasi ya milimita 16.5. Katika kipimo cha 1 kwa 87, nafasi hiyo hulingana na reli pana ya milimita 1,435, kama ile iliyoanza kuchukua abiria kutoka Mombasa mpaka Nairobi mwaka 2017. Tawi la Thika si la namna hiyo. Ukitaka kutumia reli hizo kwa njia ya Thika, jenga majengo yako kwa 1 kwa 60, kwani 16.5 mara 60 ni milimita 990, nayo ni karibu kabisa na mita moja. Nimekwisha kuona kazi nzuri sana ya mikono ikiharibika kwa sababu behewa lilikuwa la kipimo kimoja na bohari la kipimo kingine, hata makuli wa bohari wakaonekana kama majitu.

Kabla ya kukata chochote, kata kwanza mtu. Mtu wa urefu wa mita 1.70 huwa sentimita 3.4 katika kipimo cha 1 kwa 50. Mchore juu ya karatasi ngumu, mkate, umweke mezani. Kila utakapomaliza mlango au dirisha, msimamishe hapo. Akigonga kichwa, au akishindwa kufikia kitasa, umekosea hesabu, nawe utajua mapema.

Kisha nenda ukapime. Mwamkie kwa adabu mlinzi au mwenye jengo, mweleze unachotaka, uombe ruhusa. Usipite kamwe juu ya njia ya reli ili upate kupima au kupiga picha upande wa pili. Kufanya hivyo bila ruhusa ni kosa la sheria, na tena gari moshi halina uwezo wa kusimama ghafula kama baiskeli. Tawi hili lilitengenezwa upya mwaka 2020, kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba reli yenye kutu pembeni ni reli iliyokufa. Jengo lisilofikika lipime kutoka mahali pa salama kwa njia nitakazoeleza.

Chukua utepe wa kupimia, daftari, penseli na fimbo iliyokatwa mita moja kamili. Pima urefu na upana chini ya ukuta, pima mlango mmoja na dirisha moja, pima na nafasi baina yake. Kimo cha ukuta wa mawe hakihitaji ngazi. Pima safu moja ya mawe, kisha uhesabu safu mpaka juu. Mawe ya kuchonga, kama yale yanayochimbwa Ndarugu, mara nyingi hukatwa kwa kimo cha inchi 9, yaani sentimita 23 hivi; safu 13 ni karibu mita 3. Kama ukuta ni wa mabati, ngoja jua litoke. Simamisha fimbo yako wima, upime kivuli chake, kisha upime kivuli cha ukuta. Kivuli cha fimbo kikiwa sentimita 80 na cha ukuta mita 2.40, basi ukuta ni mara tatu ya fimbo, yaani mita 3. Mwisho, egemeza fimbo ukutani upige picha, hata kwa simu ya mkononi. Picha isiyo na fimbo ni ya kupendeza macho tu, lakini yenye fimbo utaweza kuipima miaka 20 baadaye.

Sasa tuchukue mfano wa bohari lenye urefu wa mita 12, upana wa mita 6, na kuta za kimo cha mita 3. Kwa kipimo chetu huwa sentimita 24, 12 na 6. Chora pande nne juu ya kadibodi kavu iliyonyoka. Sanduku la viatu lafaa sana. Kadibodi yenye mawimbi ndani haifai, maana kingo zake huonyesha matundu. Kila pembe uihakikishe kwa kanuni ya waashi ya tatu, nne na tano: pima sentimita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari uwe 5. Usipokuwa 5, pembe si mraba, na paa halitakaa.

Ukuta wa jengo la kweli una unene. Hapa ndipo mfano wa mtu mzembe hujulikana hata kwa mbali, kwa kuwa madirisha yake yanafanana na picha zilizobandikwa. Ukuta wa sentimita 23 huwa karibu milimita 4.6. Bandika kadibodi tatu au nne pamoja mpaka unene huo upatikane, ndipo ukate matundu ya milango na madirisha kwa wembe mpya, ukipitisha mara nyingi kwa wepesi kuliko kusukuma mara moja kwa nguvu. Weka ubao chini, na vidole nyuma ya wembe.

Gundi nyeupe ya seremala ni bora. Nikiwa mwanafunzi wa shule ya misheni nilijenga kanisa zima kwa uji wa unga wa ngano, nikaliacha darasani wakati wa likizo. Niliporudi panya walikuwa wamekula mnara na nusu ya madhabahu. Uji una hila nyingine pia: ukipakwa upande mmoja tu wa kadibodi, upande huo hunywa maji na kadibodi hujikunja kama ngozi juani. Bandika basi karatasi pande zote mbili, uweke chini ya vitabu vizito usiku kucha. Wakati wa masika ngoja siku mbili.

Mistari ya mawe ichorwe kabla ya kusimamisha kuta. Tumia msumari uliosuguliwa ncha, uukokote kando ya rula, ukiacha milimita 4.6 toka mstari hadi mstari. Viungo vya wima visikae kimoja juu ya kingine. Kila jiwe likalie mawe mawili ya chini yake. Usichore mawe yote kwa ukubwa mmoja kama sabuni za kiwandani, kwa sababu waliochonga yale ya kweli walikuwa watu wenye patasi.

Paa ndilo linalohitaji akili zaidi. Tuseme mgongo wa paa umeinuka mita 2.25 juu ya kuta. Nusu ya upana wa bohari ni mita 3. Kwa kanuni ile ile ya tatu, nne na tano, mteremko ni mita 3.75, yaani sentimita 7.5 za kadibodi. Ongeza milimita 9 ili paa lipite ukuta na kumwaga maji nje, utapata sentimita 8.4. Urefu wake ni 24, na milimita 6 kila mwisho, jumla sentimita 25.2. Kata vipande viwili vya namna hiyo. Ndani weka kenchi za vijiti vya kiberiti, hata kama hazitaonekana. Bila kenchi paa hubonyea.

Kwa mabati, tafuta karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti za sigara au ya jikoni, pamoja na kitana cha meno membamba. Mawimbi ya bati la kawaida huachana milimita 76, na katika mfano ni milimita 1.5, chagua kitana ambacho meno yake yaachana kiasi hicho. Laza karatasi juu ya kitana, uisugue polepole kwa ukucha mpaka mifereji itokee. Usiezeke paa lote kwa karatasi moja. Kata vipande vya upana wa sentimita 1.3 na urefu wa sentimita 4.8, vilingane na bati la kweli la mita 2.40. Anza chini, ukingoni, kisha pandisha safu ya pili ya urefu wa sentimita 3.9, ikilalia ya kwanza kwa milimita 3. Mwezekaji hufanya hivyo ili mvua isiingie, nawe ukifanya hivyo jicho la mtu halitagundua kwamba anatazama karatasi.

Sakafu ya bohari iinuliwe kiasi cha sentimita 2 juu ya reli, ili makuli wasukume magunia moja kwa moja ndani ya behewa bila kuyanyanyua. Wengi husahau jambo hili, wakajenga bohari lisiloweza kupakia hata gunia moja.

Rangi iwe ya kimya. Changanya rangi nyeupe na jivu la jikoni lililochekechwa, utapata rangi ya jiwe. Kwa mabati chukua udongo mwekundu wa shambani, usage, uunyunyize juu ya gundi iliyotiwa maji mengi, hasa karibu na misumari na mahali bati linapolaliana, ndipo kutu inapoanzia. Mwenye kukaa Ruiru wakati wa kiangazi ajua kwamba udongo huo hupanda ukutani mpaka usawa wa magoti. Uupake huko pia.

Anayetaka kuendelea na aende Nairobi katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo ziko injini kubwa za mvuke, kama vile Mount Gelai, iliyo mojawapo ya injini 34 zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli za Afrika ya Mashariki. Liko na behewa ambamo simba alimwua Bwana Ryall huko Kima mwaka 1900. Mabehewa hayo yaweza kutazamwa kwa karibu bila hatari, na daftari lako likajaa.

Bohari lako likikauka, ligeuze juu chini. Andika chini yake kwa wino jina la jengo, mahali lilipo, tarehe uliyolipima, kipimo ulichotumia na jina lako. Karatasi ya vipimo uikunje, uitie katika kopo lenye kifuniko, mbali na panya.