Msimamizi wa Tasnifu Hachaguliwi kwa Cheo

Haya, wadogo zangu wa sosholojia, leo zamu yenu. Kila msimu wa maombi ya uzamili unapokaribia, kona hii hujaa swali lilelile: "Dada, fomu inataka jina la msimamizi ninayempendekeza, nami simjui hata mmoja. Niandike nani?" Kisha naendelea kusoma barua na kukuta mmeshaamua. Mnamtaka mwenye "Prof." mbele ya jina, na wakiwa wawili, basi yule anayeonekana kwenye televisheni.

Hapo tunaanza kutoelewana. Mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa: hizo ni ngazi za utumishi, zinaonyesha mtu kapanda hadi wapi. Hazisemi ni swali gani linalomnyima usingizi. Na profesa mkubwa ana vikao, ana miradi, ana safari. Huenda sura yako ya pili ikakaa mezani kwake mpaka uisahau mwenyewe, wakati mhadhiri aliyemaliza uzamivu wake juzi angeisoma mstari kwa mstari.

Hata ile safu ya "maeneo ya utafiti" iliyoko chini ya picha zao isiwababaishe. Mtu mmoja kaandika jinsia, umaskini, vijana, afya, ukuaji wa miji, mabadiliko ya tabianchi. Yote hayo peke yake? Safu hizo ni kama ubao wa vyakula kwenye mgahawa wa stendi: pilau imeandikwa, samaki kaandikwa, ukishakaa unaambiwa leo kuna wali maharage. Kinachopikwa kweli utakijua kwa kusoma makala zake za miaka mitano ya karibuni, na kwa kujua alipita wapi kabla hajafika hapo alipo.

Hilo la mwisho wengi hulipuuza, nami ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mchukueni Pierre Bourdieu. Mmekariri "mtaji wa kitamaduni" kwa ajili ya mtihani, lakini mmeshawahi kuuliza huyu baba alikuwa mtoto wa nani? Alizaliwa mwaka 1930 Denguin, kijiji cha Béarn, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Kichwa chake kikampeleka Paris, École Normale Supérieure, akasoma falsafa kati ya vijana waliozaliwa kwenye nyumba zenye maktaba. Mwaka 1955 akapelekwa Algeria akiwa askari, wakati vita vya ukombozi vinawaka. Jeshi lilipomwachia akabaki kufundisha Algiers, na ile falsafa akaiweka kando, akawa anawahoji wakulima wa Kabylia na watu waliong'olewa kwenye vijiji vyao.

Kisha akaenda kwao Béarn na swali ambalo shangazi yeyote wa ukoo angeweza kuliuliza: mbona vijana wanaorithi mashamba hawaoi? Makala ikatoka mwaka 1962. Zamani mrithi wa shamba ndiye aliyekuwa mchumba wa kugombewa. Lakini mabinti walikuwa wameanza kuutazama mji, na kwenye dansi ya Krismasi yule mrithi alisimama pembeni ya ukumbi, mikono haijui iwekwe wapi, muziki wa mjini haujui. Miaka miwili baadaye yeye na Jean-Claude Passeron wakatoa kitabu, *Les Héritiers*, kuhusu chuo kikuu kinavyowapokea vizuri watoto waliokwisha kufundwa nyumbani, kisha kikawaita wenye vipaji. Mbele ya macho ni mada mbili, ndoa na elimu. Ndani ni swali moja: mtu hufanyaje akifika mahali ambapo malezi ya kwao hayathaminiwi? Mtoto wa posta aliyefika Paris alilijua swali hilo kabla ya kulisoma popote.

Lakini msije mkadhani kila profesa anajichunguza mwenyewe. Arlie Hochschild wa Berkeley, Marekani, ni binti wa mwanadiplomasia. Alikulia kwenye nyumba ambamo wageni hutabasamu kwa sababu ndiyo kazi yao, na mwaka 1983 akatoa *The Managed Heart*, kitabu kinachowachunguza wahudumu wa ndege wanaolipwa ili watabasamu. Mpaka hapo utasema katokea nyumbani. Sasa mtazame mwaka 2016. Alikuwa amekwenda na kurudi Louisiana kwa miaka mitano, anakula na kuongea na watu ambao siasa zao na zake haziivi chungu kimoja, akaandika *Strangers in Their Own Land*. Mada ilibadilika kabisa. Alichokishikilia ni namna ya kuuliza: watu wanahisi nini, na nani kawaambia kwamba inafaa kuhisi hivyo?

Kwa hiyo mdogo wangu unayetaka kuandika juu ya wadada wanaopokea simu za wateja kwenye kampuni za mitandao, mtu wa aina ya Hochschild atakufaa hata kama hajawahi kuigusa mada ya simu. Na wewe wa bodaboda, acha kuhangaika kumsaka "profesa wa bodaboda". Ukimpata akawa mtu wa dodoso na takwimu, atakuuliza sampuli yako ni watu wangapi, wakati wewe unataka kukaa kijiweni miezi sita ukisikiliza. Mtagombana mpaka siku ya kutetea tasnifu. Mtafute anayefanya kazi kwa njia unayoitaka. Mada mtaelewana.

Nawaona mnasema, Dada leo ni Wazungu tu. Basi someni pia Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, Mnaijeria aliyesoma Ibadan kisha Berkeley. Kwenye *The Invention of Women* ya mwaka 1997 alidai kwamba kabla ya ukoloni Wayoruba walipangana kwa nani kamtangulia nani, si kwa mwanamume na mwanamke. Wapo wanaombishia vikali, na mabishano hayo nayo myasome. Ila sisi tuliokuzwa kwa shikamoo, angalau hoja yake haitupigi chenga.

Na wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnajua nani aliwahi kuongoza Idara ya Sosholojia hapo? Archie Mafeje, kuanzia mwaka 1969 hadi 1971. Huyu alizaliwa Afrika Kusini, upande wa Cape Mashariki, akaanza na biolojia Chuo Kikuu cha Cape Town kabla ya kuhamia anthropolojia. Mwalimu wake, Monica Wilson, alikuwa profesa mzungu katika nchi ya ubaguzi. Mafeje, mzungumzaji wa Kixhosa, ndiye aliyezunguka mitaa ya Langa, makazi ya Waafrika pembeni mwa Cape Town, akikusanya habari. Kitabu chao, *Langa*, kilitoka mwaka 1963.

Mwaka 1968 chuo hichohicho cha Cape Town kikampa kazi ya mhadhiri mwandamizi, serikali ikabana, chuo kikamnyang'anya. Wanafunzi wakakalia jengo la utawala kwa siku kadhaa kupinga, kazi haikurudi. Wakati huo alikuwa amefanya utafiti wa uzamivu Uganda, juu ya wakulima wa biashara wa Buganda, chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Ndipo akaja Dar es Salaam. Mwaka 1971 akachapisha makala yake maarufu inayosema kwamba habari ya "ukabila" ni miwani ya kikoloni, inaficha tofauti za kitabaka na wanaofaidika nazo. Mtu aliyenyimwa kazi kwa rangi yake, kisha akaona wakulima matajiri na maskini ndani ya Buganda ileile, angeaminije kwamba kabila linaeleza kila kitu?

Habari ya Langa nawapa kwa sababu nyingine pia. Jalada la kitabu kile lina majina mawili, la mwalimu na la mwanafunzi. Leo bado nasoma barua za wanaozunguka na dodoso juani kwa ajili ya mradi wa msimamizi, makala ikitoka jina lao halipo, wakibahatika wanashukuriwa kwa mstari mmoja chini ya ukurasa. Ulizeni mapema, kwa adabu: data nitakazokusanya zitatumikaje, na jina langu litakaa wapi? Mwenye nia njema hatakasirika. Akikasirika, mshukuru kwa muda wake, utafute mwingine.

Sasa barua ya kwanza. Salamu na cheo chake sahihi, maana Dkt. ukimwita Ndugu wapo wanaonuna. Taja makala moja tu uliyoisoma mpaka mwisho, useme ilikufanya ujiulize nini. Swali lako la utafiti liwe sentensi mbili, na njia utakayotumia sentensi moja. Malizia kwa kuuliza kama mwaka huu anapokea wanafunzi, maana anaweza kuwa anakaribia kustaafu au yuko likizo ya utafiti. Kisha, kabla hujaandika jina lake kwenye fomu, watafute wanafunzi wake wawili watatu uwaulize huchukua muda gani kurudisha sura.

Nanyi mliokwisha kumaliza, niandikieni. Sitaki majina ya wasimamizi. Niambieni tu mlimpataje wenu, na alifanya nini mkamaliza kwa wakati, au mkachelewa.