Neno Mnadani: Semantiki katika Matangazo ya Biashara Ndogo

Makala haya yanadai kwamba uteuzi wa maneno ya utafutaji ni suala la semantiki kabla ya kuwa la fedha. Google ilianza kuuza matangazo kwa maneno mwaka 2000. Siku hizi, mtafutaji aandikapo neno, mnada hufanyika papo hapo. Nafasi hutegemea bei na ubora wa tangazo, na kwa kawaida mtangazaji hulipa tangazo libofywapo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwenye nyumba ya wageni Bomeni, Taveta, karibu na mpaka wa Holili. Akinunua neno 'nyumba' pekee, huenda akawalipia wanaotafuta nyumba za kupanga. 'Nyumba ya wageni Taveta' humleta msafiri hasa. Hata hivyo, msafiri atokaye Moshi huenda akaandika 'gesti', na wa Voi 'lojing'i'. Visawe hivyo avinunue vyote. Neno 'kazi' alizuie, asije akawalipia watafuta ajira.

Basi mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba taaluma yake haina soko. Ajuaye mipaka ya maana ya neno aweza kumwokolea mchuuzi shilingi zake.