KINYWAJI CHA MATUNDA KWA GHARAMA NDOGO

Nchi yetu ya Rungwe ina mvua nyingi na udongo mwema wa volkano, nasi twapata ndizi, maparachichi, mapapai, mapera na pesheni. Walakini wakati wa mavuno utaona maparachichi yanaoza chini ya mti, na mtoto wa nyumba iyo hiyo ametumwa dukani kununua soda. Je, si ajabu? Soda kwa sehemu kubwa ni maji na sukari. Tunda lina chakula.

Wengi hudhani kwamba kinywaji kizito cha matunda hakifanyiki ila kwa mashine ya umeme. Sivyo. Kinu kidogo na mchi, au bakuli na uma, pamoja na chujio, vyatosha. Kinu kisiwe cha kutwangia vitunguu au pilipili, nacho kioshwe kwa maji ya moto.

1. Ndizi na parachichi. Twaa ndizi mbivu 2, nusu ya parachichi, na vikombe 2 vya maziwa. Ndizi zenye madoa meusi usizitupe: wanga wake umekwisha kugeuka sukari, basi huna haja ya sukari ya dukani. Ziponde mpaka zilainike, tia parachichi, kisha mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukiyamimina yote kwa mara moja, madonge yatabaki.

2. Papai na pesheni. Ponda kipande kikubwa cha papai. Kamua pesheni 3 juu ya chujio kwa mgongo wa kijiko. Mbegu usizitwange, maana zikivunjika huharibu ladha. Ongeza vikombe 2 vya maji. Hapa usitie maziwa, kwani ukali wa pesheni huyafanya yakatike.

3. Mapera. Yaponde mabichi bila kuyapika, tia maji, uchuje kwa kitambaa safi. Mapera yana vitamini C kupita machungwa, nayo huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga za majani. Kwa hiyo yafaa kinywaji hiki kinywewe pamoja na chakula.

Sasa sikilizeni onyo. Siku moja nilitengeneza kinywaji jioni, nikakiacha mezani hata asubuhi. Mwanangu akakinywa, akaharisha siku mbili. Nilimpeleka zahanati, akapewa dawa ya chumvi ya kuyeyusha katika maji, akapona. Lakini kosa lilikuwa langu mimi, si la matunda. Tangu siku ile nyumba yetu ina sheria hizi:

Mikono na matunda vioshwe kabla ya kukata. Maji na maziwa yachemshwe, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa yaweza kuleta kifua kikuu na maradhi mengine. Kinywaji kinywewe papo hapo, kisilazwe. Mtoto asiyetimiza miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Na asiyetimiza mwaka asipewe asali kamwe.

Labda mtu atasema, "Maparachichi ni mali, yanauzwa." Kweli, na yauzwe. Lakini lile lililochubuka mnunuzi halitaki. Likate, utupe palipoharibika, na palipo pazima pawe kinywaji cha watoto. Lenye ukungu litupwe lote. Nusu iliyobaki ipake maji ya ndimu, isigeuke nyeusi upesi.

Haba na haba hujaza kibaba. Fedha ya soda ya kila juma, ikiwekwa, itanunua madaftari ya shule. Na mtoto hatakosa kitu cha kunywa, maana mti u pale pale uani. Jaribuni, kisha wafundisheni na jirani zenu.